Kustaafu jeshi mapema kwa sababu za afya si kufukuzwa

Jioni moja baada ya kipindi, simu ya studio iliita nikiwa nakusanya makaratasi yangu niondoke. Mpigaji aliomba tuzungumze nje ya matangazo. Alizungumza kama mtu aliyezoea kutoa taarifa kwa wakubwa wake, kwa ufupi na bila kuzunguka. Alisema yuko Sikonge. Alitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania miaka 9. Gari lilipinduka wakati wa mafunzo, akaumia mgongo, akatibiwa, akapewa kazi nyepesi, na mwishowe bodi ya madaktari ikapendekeza astaafu. Wakati huo hakuwa ametimiza miaka 35.

"Mtangazaji," alisema, "kijijini wanasema nilifukuzwa. Shemeji yangu aliniuliza mbele ya watu niliiba nini huko. Vyeti vyangu nimevifungia kwenye begi, sivionyeshi. Na siku hizi nikiwaona askari wenzangu stendi, napita upande wa pili."

Ameniruhusu nisimulie hayo bila kutaja jina lake. Tangu siku hiyo nimegundua kwamba hayuko peke yake. Katika vijiji vyetu vya Tabora wapo vijana na watu wazima waliorudi kutoka jeshini kabla ya wakati kwa sababu ya ugonjwa au jeraha, nao wanaishi kama watu wenye kosa la kuficha. Makala hii ni kwa ajili yao, wake na waume zao, wazazi wao na majirani wanaouliza maswali bila kujua wanamuumiza nani.

Njia za kutoka jeshini

Msikilizaji, watu wengi wanafikiri askari hutoka jeshini kwa njia mbili tu: anazeeka au anafukuzwa. Si kweli.

Yupo anayefikia umri wa kustaafu kwa cheo chake. Yupo anayemaliza mkataba na asiendelee. Yupo anayeomba kuondoka kwa sababu zake na akakubaliwa. Yupo anayeachishwa kwa kosa la nidhamu au la jinai. Na yupo anayestaafishwa kwa sababu za kiafya, baada ya madaktari kuona kwamba mwili au akili yake haiwezi tena kubeba kazi ya kijeshi.

Hizi ni njia tofauti, na nyaraka zake ni tofauti. Aliyestaafishwa kwa afya hakushitakiwa na hakupatikana na hatia. Yeye alisimama mbele ya madaktari, si mbele ya mahakama ya kijeshi. Ukimwita "aliyefukuzwa" unamsingizia kosa ambalo hata jeshi lenyewe halikumtuhumu nalo.

Hata kutoka kabla ya umri, peke yake, si doa. Mwaka 1992, nchi iliporudi kwenye mfumo wa vyama vingi, wanajeshi waliokuwa kwenye siasa walitakiwa kuchagua upande mmoja. Jakaya Kikwete aliacha jeshi akiwa Luteni Kanali, na baadaye akawa Rais. Abdulrahman Kinana aliondoka akiwa Kanali, na mpaka leo watu wanamwita Kanali mstaafu. Hao hawakutoka kwa ugonjwa, lakini tunajifunza kwao jambo moja: utumishi uliokwishafanyika haufutiki kwa sababu mtu hakubaki hadi uzeeni.

"Mbona tunamwona mzima?"

Hili ndilo swali linalozaa maneno mengi kijijini. Jirani anamwona kijana anatembea, anacheka, anaenda sokoni kwa baiskeli. Anajiuliza ugonjwa gani huo.

Jibu ni kwamba kipimo cha jeshi si kipimo cha kijijini. Askari anatakiwa aweze kubeba begi, silaha, risasi na maji kwa kilomita nyingi, usiku, kwenye mvua, kisha afike akiwa na nguvu ya kufanya kazi aliyotumwa. Anatakiwa asikie amri ya chini kabisa gizani. Anatakiwa akae siku kadhaa bila kulala vizuri na bado afikiri sawasawa. Mtu anaweza kushindwa mambo hayo na bado akaweza kulima bustani, kuendesha duka na kulea watoto.

Sababu za kustaafishwa ni nyingi. Wapo walioumia mgongo na magoti kwa mizigo, kuruka au ajali za magari. Wapo waliopoteza usikivu kwa milio ya mizinga na bunduki, ugonjwa ambao jirani anaufasiri kuwa ni kiburi, kwa kuwa mtu anaitwa na haitiki. Wapo waliopata kifafa baada ya kuumia kichwa. Wapo wenye magonjwa ya figo, moyo au kisukari yanayohitaji dawa na vipimo kila wakati. Na wapo walioumia akili kwa yale waliyoyaona.

Kwa kawaida hakuna anayeamka asubuhi akaambiwa aende nyumbani. Anatibiwa kwanza. Anaweza kupewa muda wa kupumzika, kisha kazi nyepesi ya ofisini, ghalani au mapokezi. Hali isiporudi, madaktari kadhaa huketi pamoja kama bodi, wanasoma taarifa zake, wanampima, wanaandika maoni yao. Uamuzi wa kumstaafisha hutoka kwa wenye mamlaka jeshini baada ya hapo. Ni safari ndefu, na askari wengi husema kwamba miezi ile ya kusubiri ndiyo iliyowaumiza kuliko jeraha lenyewe, kwa sababu mtu anajiona anageuka mzigo kwa wenzake.

Tabora inawajua watu wa namna hii

Sisi wa Tabora hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mji huu ulikua juu ya mabega ya watu waliobeba mizigo. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapa njia zikagawanyika kwenda Ujiji na kwenda kaskazini upande wa ziwa Victoria. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi, na pembe za ndovu zilizokuwa nzito kuliko hapo. Kijana aliyewahi kufika pwani alihesabiwa mwanamume kamili aliporudi kwao.

Njiani watu waliugua. Ndui, homa na kuhara viliwaangusha wengi. Mgonjwa asiye na ndugu katika msafara angeweza kuachwa njiani. Mwenye wenzake wa kambi alikuwa na bahati zaidi: waliweza kugawana mzigo wake na kumsaidia kufika kituo cha mbele.

Hata wageni wenye majina makubwa waliangushwa na njia hii. Richard Burton alifika Kaze, ambayo ndiyo Tabora yetu, Novemba 1857. Homa ilimdhoofisha hadi akawa anabebwa kwenye machela. Mwaka 1858 alibaki hapa Kaze wakati mwenzake John Speke akienda kaskazini, akaliona ziwa Victoria. Pamoja na hayo, hakuna kitabu cha historia kinachosema Burton hakusafiri.

Basi mpagazi aliyebeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Ugogo na kuishia hapo kwa ugonjwa, alikuwa amebeba. Kilomita alizozitembea ni zake.

Askari wa nchi hii

Tabora ni mji wa askari pia. Jina la mtemi Mirambo, aliyekufa mwaka 1884 baada ya kuunda dola kubwa kwa nguvu za rugaruga wake, limebaki kwenye shule na kambi ya jeshi. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani, na Januari 1893 ngome yake ilipovunjwa alichagua kulipua baruti kuliko kukamatwa akiwa hai.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, yakiongozwa na Jenerali Tombeur, yaliingia Tabora Septemba 1916. Waliopigana pande zote mbili walikuwa kwa sehemu kubwa askari Waafrika, na nyuma yao walikuwepo wapagazi wa vita ambao wengi wao walikufa kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi.

Vita vya Pili vilipokuja, vijana wa Tanganyika walichukuliwa kwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma ndani ya King's African Rifles. Kambi ya Tabora ya wakati wa uhuru iliitwa Kalewa, jina la mji wa Burma ambao askari wa Afrika Mashariki waliuteka Desemba 1944. Baada ya maasi ya Januari 1964, yaliyoanza Dar es Salaam na kufika hapa Tabora siku iliyofuata, jeshi la zamani lilivunjwa. Jeshi jipya, JWTZ, likazaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Mkuu wake wa kwanza, Mirisho Sarakikya, alikuwa ofisa hapa Tabora wakati wa maasi yale.

Kisha ikaja Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya ushindi, wengine walirudi nyumbani wakiwa na miguu miwili, wengine mmoja. Wengine walirudi na viungo vyote, lakini usiku walikuwa wakipiga kelele usingizini. Wazee wa umri wangu wa kuwaita baba mnawakumbuka watu hao. Wakati ule hatukuwa na jina la ugonjwa wao. Tuliambiwa tu tusiwashtue.

"Lakini mimi sikupigana vita"

Hapa ndipo aibu ya ndani inapokaa. Yule ndugu wa Sikonge aliniambia: "Wale wa Kagera wana sababu ya kujivunia. Mimi nilianguka kwenye gari."

Tulifikirie jambo hili vizuri. Askari anapokula kiapo hachagui atatumwa wapi. Hachagui kama miaka yake itakuwa ya vita au ya amani. Anakubali jambo moja: kwamba atakwenda atakakotumwa na kufanya atakachoamriwa kwa ajili ya nchi, hata kama ni hatari. Baada ya hapo, ni bahati na amri za wakubwa zinazoamua kama ataumia mstari wa mbele, kwenye uwanja wa mafunzo, au barabarani usiku akisindikiza mizigo.

Na mafunzo si mchezo. Jeshi lisilofanya mafunzo magumu wakati wa amani hufa wakati wa vita. Kwa hiyo aliyeumia mafunzoni ameumia akifanya ile kazi yenyewe inayowafanya wengine tulale usingizi.

Tena amani yetu ina askari wanaoilinda mbali na nyumbani. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda kikosi maalumu mashariki mwa Kongo, na Tanzania ikapeleka wanajeshi pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa kwanza wa kikosi hicho alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinzi wa amani wa Tanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa. Watanzania wasiopungua 14 waliuawa na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Waliokufa tuliwalilia kitaifa. Waliojeruhiwa walirudi kimya kimya, na jeraha la namna hiyo ndilo linaloweza kumpeleka askari mbele ya bodi ya madaktari miaka kadhaa baadaye.

Kwa hiyo ukimwona askari aliyestaafu kijana, huwezi kujua alikotoka kwa kumtazama tu. Na yeye halazimiki kukusimulia ili apate heshima yako.

Karatasi zako ni ushahidi wako

Kuna simulizi ambayo waandishi wa historia huirudia. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee wa Kiafrika waliopigania jeshi la Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918. Wazee mamia kadhaa wakajitokeza Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walikuja na vipande vya sare zilizochakaa. Inasimuliwa kwamba mlipaji alimpa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Miaka karibu 50 ilikuwa imepita, lakini hakuna aliyeshindwa.

Ni hadithi nzuri, inayoonyesha kwamba utumishi unakaa mwilini. Lakini wewe usingoje ufagio. Siku hizi ofisi zinataka karatasi.

Tunza barua ya kustaafu, cheti cha utumishi, namba yako ya jeshi, taarifa za matibabu na maoni ya bodi ya madaktari. Weka nakala kwa mtu mnayeaminiana. Piga picha kila ukurasa kwa simu, kisha ujitumie mahali ambapo hata simu ikipotea utazipata. Hakikisha jina kwenye kitambulisho cha taifa linafanana na la kwenye nyaraka za jeshi, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya jina inaweza kuchelewesha malipo.

Uliza maswali matatu kwa maandishi. Je, ugonjwa au jeraha langu limeandikwa kwamba limetokana na kazi? Ninastahili nini, kiinua mgongo, pensheni au vyote? Matibabu ya tatizo hili nitayapata wapi baada ya kuondoka? Kiasi cha malipo hutofautiana kwa cheo, miaka ya utumishi na sababu ya kustaafu, kwa hiyo usijilinganishe na mwenzako kabla hujajua mafao yako yalikokotolewa vipi. Aliyeumia kwenye ulinzi wa amani aulize pia kuhusu fidia ya Umoja wa Mataifa, ambayo hupitia kwa serikali ya nchi ya askari.

Kama kuna kitu hukuelewa, rudi kikosini au andika barua kupitia ngazi zake. Ukiwa kwenye umoja wa wanajeshi wastaafu katika wilaya yako, wenzako waliotangulia wanajua mlango upi wa kugonga. Na mwenzi wako ajue nyaraka ziko wapi. Begi lililofungwa kwa aibu limewakosesha wajane wengi haki zao.

Aibu inapogeuka ugonjwa

Askari aliyestaafu mapema anapoteza vitu vingi kwa siku moja. Anapoteza mshahara, ratiba, sare, marafiki wa kulala nao bweni moja, na neno la kujibu anapoulizwa "unafanya kazi gani?" Akikosa wa kuzungumza naye, pombe inakuwa karibu.

Dalili za kuangalia ni hizi: kutolala, ndoto za kutisha zinazojirudia, kushtuka kwa mlio mdogo, hasira zisizo na sababu, kujitenga, kutoona maana ya kuishi. Hizi si dalili za uchawi wala za woga. Kiwewe ni ugonjwa, una matibabu, na unaweza kumpata hata shujaa aliyepewa nishani. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kwa mkoa wetu ipo hospitali ya rufaa ya Kitete, na kwa matatizo makubwa ya akili ipo Mirembe, Dodoma. Mtu akianza kusema anataka kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye kifafa pia asifichwe ndani. Kifafa hakiambukizi, na dawa zikinywewa kila siku bila kukatiza huzuia degedege kwa wagonjwa wengi.

Kwa familia, maneno ya kwanza siku ile anaporudi ni muhimu. Badala ya "sasa tutakula nini?", ambalo ni swali la haki lakini lina wakati wake, mwambie: "Karibu nyumbani, baba. Umefanya kazi." Kisha kaeni mpange.

Kujivunia bila kuvunja sheria

Tuwe wazi kwa jambo moja. Ukishastaafu umekuwa raia, na sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wenye nguo hizo kuzisalimisha. Kwa hiyo heshima yako usiitafute kwenye suruali ya mabaka. Itakupeleka pabaya.

Njia za halali zipo. Kama ulipewa nishani, ni yako. Wazee wetu huzivaa juu ya koti siku za sherehe za kitaifa. Nishani ya utumishi mrefu hutolewa kwa miaka, na huenda wewe hukuifikia. Usijilaumu, maana inapima muda tu. Nishani ya ulinzi wa amani ya Umoja wa Mataifa, kwa kawaida, hutolewa kwa aliyetimiza siku 90 katika misheni.

Kila tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Katika sherehe ya kitaifa Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na mwakilishi wa askari wastaafu huweka shoka. Tazama jinsi taifa lilivyopanga: mstaafu ana silaha yake ya kuweka, na haulizwi alitumikia miaka mingapi. Nenda kwenye maadhimisho ya wilayani kwako. Simama na wenzako. Wapeleke watoto, uwaeleze kwa nini upo pale.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelitafutia jambo hili nafasi pia. Uganda wana kituo cha Mubende kwa ajili ya wanajeshi waliojeruhiwa, na hufundishwa kazi na michezo. Mwaka 2014 London ilianza michezo ya Invictus kwa askari waliojeruhiwa au kuugua wakiwa kazini, na mwaka 2023 huko Düsseldorf Nigeria ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki.

Kazi baada ya kambi

Heshima inahitaji na ugali. Jeshi limekufundisha vitu ambavyo kijiji kinavihitaji: kufika kwa wakati, kutunza kumbukumbu za ghala, huduma ya kwanza, ufundi wa magari, redio, kuongoza watu kumi bila kupiga kelele. Chama cha msingi cha tumbaku Urambo kinamhitaji mtunza ghala anayehesabu magunia bila kuibiwa. Kamati ya ulinzi ya kijiji inamhitaji mtu anayejua kwamba nguvu ina mipaka.

Kwa mwenye mgongo mbovu, nyuki wanaweza kuwa jibu. Mzinga wa magome unapandishwa juu ya mti na si wa kwako. Lakini mizinga ya kisasa huning'inizwa usawa wa kifua au huwekwa kwenye stendi, na unaikagua ukiwa umesimama. Misitu ya miombo tunayo, na chuo cha mafunzo ya ufugaji nyuki kipo hapa hapa Tabora.

Aliyepata ulemavu ajue pia kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako utaratibu wa sasa na jinsi ya kusajili kikundi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakulinda dhidi ya kubaguliwa kazini.

Kwa majirani, ninaomba jambo moja dogo. Kama mlikuwa mnamwita afande aliporudi likizo akiwa na sare, mwiteni hivyo hivyo leo akiwa na kandambili.

Yule ndugu wa Sikonge hakuniambia jina lake siku ile. Kabla hajakata simu nilimtania, nikamwomba walau ajitambulishe kama wanavyojitambulisha kambini. Akataja namba yake ya jeshi yote, tarakimu kwa tarakimu, bila kupumua katikati. Halafu akanyamaza kidogo.

"Hiyo," akasema, "sijaisahau."